Ousmane Sembène: Mkosoaji Aliyezaliwa Nyumbani Mwetu



Makala haya yametokana na ugomvi. Muhula uliopita, baada ya swala ya Isha, baadhi yetu tuliandaa onyesho la filamu katika chumba cha mikutano cha jumuiya. Filamu yenyewe inaitwa Ceddo, na aliyeitengeneza ni Ousmane Sembène wa Senegal. Kabla haijafika nusu, ndugu wawili walisimama wakatoka. Ilipokwisha, Amiri aliuliza kwa upole ni nani aliyeichagua. Niliinua mkono. Tukabishana mpaka mlinzi akaja kutuomba tufunge mlango aende zake. Mwisho ikaamuliwa kwamba mimi niliyeleta maneno niandike maisha ya mtu huyu, ili wasomaji wenyewe wapime kama jina lake lina nafasi katika jarida la Waislamu.

Nimekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu swali lililotugombanisha ni kubwa kuliko filamu moja. Ndugu aliyetoka aliniuliza kesho yake: mtu aliyezaliwa katika Uislamu, akalelewa na watu wa dini, kisha akasimama mbele ya dunia akamwonyesha imamu kama dhalimu, sisi tuna haja gani naye? Nitasimulia kwanza, kisha nitajibu.

Sembène alizaliwa mwaka 1923 mjini Ziguinchor, katika jimbo la Casamance, kusini mwa Senegal. Baba yake alikuwa mvuvi wa kabila la Walebu, wenyeji wa pwani ya Dakar, ambao ni Waislamu. Utotoni alipitia madrasa kama watoto wengi wa Kiislamu, na pia shule ya Kifaransa. Mtu aliyemwathiri sana alikuwa mjomba wake, Abdou Rahmane Diop, mwalimu na mtu wa ibada. Kwa hiyo tusidhani kwamba Sembène aliijua dini yetu kwa mbali. Aliujua mkeka wa swala kabla hajaijua kalamu ya Mfaransa.

Shule hakumaliza. Mwaka 1936, akiwa na miaka kumi na mitatu hivi, aligombana na mwalimu mkuu akafukuzwa. Baba yake akamchukua baharini, lakini kijana alikuwa akichafukwa na bahari, na mvuvi wa namna hiyo hana faida chomboni. Mwaka 1938 akapelekwa kwa jamaa zake Dakar. Huko alifanya kazi za mikono, zikiwemo za uashi na ufundi wa magari. Mnamo 1944 aliitwa jeshini, katika kikosi cha Waafrika waliopigania Ufaransa.

Mwaka huohuo, tarehe 1 Desemba, likatokea jambo ambalo hakulisahau mpaka kufa kwake. Askari wa Kiafrika waliokuwa wametekwa na Wajerumani walirudishwa nyumbani na kuwekwa katika kambi ya Thiaroye, nje ya Dakar. Walidai malipo yao ya miaka ya vita. Asubuhi jeshi la Ufaransa, lilelile walilolipigania, likawapiga risasi. Serikali ya Ufaransa ilitaja idadi ndogo ya waliokufa, na wanahistoria mpaka leo wanasema walikuwa wengi zaidi. Sisi Waganda tunaokaa vibarazani tukisikiliza habari za babu zetu wa KAR waliopelekwa Burma tunaweza kuielewa dhuluma hiyo bila kufafanuliwa.

Vita vilipokwisha, Sembène alirudi Dakar, kisha mwaka 1947 akavuka kwenda Ufaransa. Alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha Citroën mjini Paris, halafu akahamia Marseille, mji wa bandari, akawa kuli. Kwa miaka kama kumi alibeba mizigo ya meli. Siku moja akipakua mzigo aliumia mgongo vibaya, akalala muda mrefu, na tangu hapo hakuweza tena kazi nzito kama zamani. Alijiunga na chama cha wafanyakazi, akaanza kusoma vitabu kwa njaa ya mtu aliyefungiwa mlango wa shule. Alijiunga pia na Chama cha Kikomunisti cha Ufaransa. Hili sitalificha, kwa kuwa ndilo linaloeleza mengi yaliyofuata. Kuanzia hapo alizitazama dini zote kwa jicho la Kimarx: aliuliza kwanza nani anakula na nani anabeba.

Riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, ilitoka mwaka 1956, na inamhusu kuli Mwafrika wa Marseille anayeandika kitabu. Lakini kitabu kilichompa jina duniani ni Les Bouts de bois de Dieu, cha mwaka 1960. Maana ya jina hilo ni vipande vya miti vya Mungu. Limetokana na desturi ya watu wa huko ya kutohesabu binadamu waziwazi wasije wakapatwa na baya. Huhesabu vijiti vya Mungu badala ya watu.

Riwaya hii inasimulia mgomo wa kweli wa wafanyakazi wa reli ya Dakar hadi Niger, ulioanza Oktoba 1947 ukaisha Machi 1948. Wafanyakazi Waafrika walidai mshahara, pensheni na posho ya familia kama wenzao Wazungu. Katika riwaya, wakubwa wa reli wanakataa posho ya familia kwa hoja kwamba Waafrika wana wake wengi, na kwa hiyo hao si wake halali. Fikirini hilo, dada zangu: mwanamke aliyeolewa kwa mahari, mashahidi na dua ya wazee anaambiwa na karani wa reli kwamba yeye si mke. Na wanawake ndio wanaobeba mgomo. Maji yanakatwa, maduka yananyima mkopo, watoto wanalia njaa, na mwishowe wanawake wanatoka Thiès kwa miguu mpaka Dakar, mwendo wa siku kadhaa, kudai haki ya waume zao na yao wenyewe.

Ndani ya kitabu hiki kuna Waislamu wawili ambao ningependa kila mwanajumuiya awajue.

Wa kwanza ni El Hadji Mabigué, tajiri aliyehiji, anayewaambia wenye njaa kwamba utawala wa Wazungu ni mapenzi ya Mungu na kazi yao ni kunyenyekea. Dada yake, Ramatoulaye, ana nyumba iliyojaa watoto wasio na chakula. Mabigué ana kondoo dume mnene ambaye kwa jina anaitwa Ijumaa. Kondoo huyo anaingia nyumbani kwa Ramatoulaye na kula mchele mdogo uliobaki wa watoto. Ramatoulaye anachukua kisu na kumchinja, na nyama inagawiwa majirani. Polisi wanaitwa na mtaa mzima unawaka. Nilipoisoma sehemu hiyo mara ya kwanza nilicheka, halafu nikaona aibu, kwa maana nimewahi kuwaona kina Mabigué katika safu ya mbele.

Wa pili ni mzee Fa Keïta wa Bamako, mcha Mungu wa kweli. Anakamatwa na kutiwa kambini pamoja na wagomaji. Humo anataka kuswali. Mkuu wa kambi, mzungu katili, anampiga teke akiwa katika swala, na mzee anaangukia seng'enge. Anainuka, damu zinamtoka, anaanza tena.

Babu yangu mzaa baba alikuwa mfanyakazi wa reli pale Tororo, na kila habari ya reli ilimfurahisha. Likizo moja nilimsimulia kisa hiki. Hakuuliza mwandishi ni nani wala ni Mkomunisti au siyo. Aliuliza jambo moja tu: huyo mzee, swala yake aliimaliza? Nikamwambia kwamba kila alipoangushwa aliianza upya. Babu akatikisa kichwa, akasema basi mwandishi huyo anawajua watu wa swala.

Baadaye katika riwaya, Fa Keïta anarudi nyumbani na kuwakuta vijana wamejaa hasira, wanataka kuua. Yeye aliyepigwa kuliko wote ndiye anayewazuia chuki isiwatawale. Jambo hili si dogo. Mwandishi Mkomunisti angeweza kumpa kiongozi wa chama maneno hayo. Sembène alimpa mzee wa msikitini.

Mwaka huohuo wa 1960, Senegal na nchi nyingi za Afrika zilipata uhuru, naye akarudi barani kwetu. Alisafiri, akapita Mali, Guinea na Kongo, na kila alikofika aliona jambo moja lililomkosesha usingizi. Watu aliowaandikia hawakuweza kumsoma. Makuli, wachuuzi, wakulima, akina mama wa Thiès, wote hawakujua Kifaransa cha vitabuni. Akaamua kujifunza filamu, kwa sababu kuona hakuhitaji cheti. Alikuwa na umri wa karibu miaka arobaini alipokwenda Moscow kusomea kazi hiyo chini ya Mark Donskoy. Wenzangu tunaodhani kwamba ukifika miaka ishirini na mitano bila shahada umechelewa, tumtazame huyu.

Filamu yake Borom Sarret, ya mwaka 1963, ina dakika kama ishirini tu. Wengi huihesabu kuwa mwanzo wa sinema ya Waafrika weusi. Inaanza kwa adhana. Mwendesha gari la farasi wa Dakar anaswali, anatoka kutafuta riziki, na siku nzima anapakia watu wasio na kitu. Baba mmoja anampeleka mwanawe aliyekufa makaburini, anazuiwa mlangoni kwa sababu karatasi hazijakamilika. Msifu nasaba anamwimbia yeye mwenyewe habari za mababu zake watukufu, naye anampa pesa zote alizochuma. Jioni polisi anamnyang'anya gari kwa kuingia mtaa wa wakubwa, ambako magari ya farasi yamekatazwa. Anarudi nyumbani mikono mitupu, na mkewe anamwachia mtoto na kutoka nje, akimwahidi kwamba usiku huo watakula. Filamu inaishia hapo. Sembène hasemi mwanamke amekwenda wapi.

Mwaka 1966 alitoa La Noire de..., iliyotokana na hadithi yake fupi, ambayo nayo ilitokana na habari aliyoisoma gazetini. Diouana, msichana wa Dakar, anachukuliwa na familia ya Kifaransa kwenda kulea watoto huko Antibes. Alidhani anakwenda kuiona Ufaransa. Akifika anageuzwa mpishi, mfuaji na mfagiaji, hatoki ndani, hana wa kuzungumza naye. Hajui kusoma, hivyo barua ya mama yake anasomewa na waajiri, na majibu yake wanayatunga wao. Mwisho anajiua. Tajiri wake anarudi Dakar kumpelekea mama pesa za mshahara, na mama anazikataa.

Nani kati yetu hapa Uganda asiyejua mtaa ambao binti yake mmoja amekwenda kyeyo Ughaibuni? Mabasi ya kwenda uwanja wa ndege wa Entebbe yanajaa wasichana waliovaa fulana za aina moja, wengi wao wakielekea nchi za Ghuba, nchi za Waislamu wenzetu. Wako waliotendewa wema na kurudi na mtaji. Wako pia waliofungiwa ndani, wakanyang'anywa pasi na simu. Katika mtaa wetu yupo dada mmoja aliyerudi baada ya miezi minane, na mpaka leo akisikia kengele ya mlango anaruka. Aliyemfanyia hivyo si Mfaransa wa Antibes. Ni mtu anayefunga Ramadhani kama mimi na wewe. Nilipoitazama filamu hii, wa Antibes hakunijia akilini hata mara moja.

Kisha ikaja Mandabi, mwaka 1968, inayotajwa kuwa filamu ndefu ya kwanza iliyotengenezwa kwa lugha ya Kiafrika, yaani Kiwolof. Ibrahima Dieng, mwanamume wa makamo mwenye wake wawili, hana kazi lakini ana heshima zake. Anapata hawala ya posta ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara za Paris. Karibu zote si zake: 20,000 ni za kumwekea kijana, 3,000 ni za mama wa kijana, na 2,000 tu ndizo za Dieng. Anakwenda posta, anaambiwa alete kitambulisho. Anakwenda kutafuta kitambulisho, anaambiwa alete cheti cha kuzaliwa, na picha, na stempu. Cheti nacho kinataka tarehe ya kuzaliwa asiyoijua. Wakati huohuo majirani wameshasikia, wanakuja kukopa kwa jina la Mungu, na Dieng hawezi kuwanyima. Hatimaye jamaa yake msomi aliyevaa suti anajitolea kumsaidia, na huyo ndiye anayemwibia zote. Aliyewahi kupanga foleni ya kitambulisho cha taifa hapa kwetu ataitazama filamu hiyo akitikisa kichwa.

Hakuishia kwenye filamu katika kuitetea lugha ya watu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye na mwanaisimu Pathé Diagne walianzisha gazeti la Kiwolof liitwalo Kaddu. Alikuwa pia miongoni mwa walioanzisha tamasha la filamu la Ouagadougou, FESPACO, mwaka 1969, ambalo lipo mpaka leo.

Sasa tufike penye ugomvi wetu. Mwaka 1975 alitoa Xala, kuhusu mfanyabiashara aliyehiji, El Hadji Abdou Kader Bèye, anayeoa mke wa tatu kwa fahari kubwa na kujikuta hana nguvu za kiume. Anaosha gari lake kwa maji ya chupa kutoka Ufaransa huku ombaomba wakifukuzwa mjini. Mwisho inajulikana kwamba utajiri wake ulianza kwa kumdhulumu ardhi mmoja wa ombaomba hao. Serikali ilikata vipande kadhaa vya filamu hiyo kabla ya kuiruhusu, na Sembène akagawa makaratasi ya kuwaeleza watazamaji ni vipi vilivyokatwa.

Ceddo ilifuata. Humo imamu na wafuasi wake wanamzunguka mfalme, mfalme anakufa, imamu anakalia kiti chake. Wanakijiji wasiotaka kusilimu wananyolewa kwa nguvu na kupewa majina mapya. Padri na mfanyabiashara mzungu wa watumwa nao wamo. Mwishowe binti wa mfalme anamwua imamu kwa bunduki mbele ya watu wote. Rais Senghor, ambaye mwenyewe alikuwa Mkatoliki na mshairi, aliipiga marufuku. Sababu iliyotangazwa ilikuwa ya tahajia: serikali ilisema neno ceddo liandikwe kwa d moja, Sembène akashikilia d mbili. Haikuonyeshwa Senegal mpaka Senghor alipoondoka madarakani. Sembène aliipa nyumba yake jina la Galle Ceddo, nyumba ya ceddo, na kila aliyepita aliliona.

Ndugu waliotoka ukumbini walikasirika, na mimi nasema wana hoja. Nilipokwenda kusoma historia ya Senegambia nilikuta mambo ambayo filamu hiyo haikuyaonyesha. Ceddo wa historia hawakuwa wanakijiji wanyonge tu. Wengi walikuwa askari wa wafalme wa Kiwolof, na askari hao walivamia vijiji na kukamata watu wa kuuza kwa Wazungu. Na mwaka 1776, huko Futa Toro kaskazini mwa Senegal, wanazuoni wa Kiislamu wakiongozwa na Sulayman Baal waliupindua utawala wa zamani. Almami Abdul Kader aliyefuata akapiga marufuku kuuzwa kwa Waislamu na kuzuia misafara ya watumwa kupita katika nchi yake. Masheikh hao hawamo katika Ceddo. Mtazamaji asiyejua historia ataondoka akidhani kwamba Uislamu uliingia Afrika Magharibi kwa wembe na bunduki peke yake, ilhali wafanyabiashara na walimu wa Qur'ani walioingia kwa salamu walikuwa wengi zaidi. Hilo ni kosa la Sembène, na nitalisema mbele ya yeyote.

Lakini je, hakukuwa na imamu wa namna ile kabisa? Hakuna mahali popote ambapo mtu alikaa karibu na mtawala, akaitumia dini kama ngazi, akawalazimisha wanyonge? Historia ya umma wetu tunaijua. Tumeamrishwa na Mola wetu kusimamia haki hata ikiwa dhidi ya nafsi zetu, wazazi wetu na jamaa zetu. Basi tusikatae ushahidi kwa sababu tu shahidi hatumpendi. Tuukatae panapokuwa na uongo, tuukubali panapokuwa na kweli.

Na Sembène mwenyewe hakusimama hapo. Mwaka 1988, pamoja na Thierno Faty Sow, alitoa Camp de Thiaroye, kuwalilia wale askari wa 1944. Ilipata tuzo maalumu ya waamuzi huko Venice, na Ufaransa haikutaka kuionyesha kwa miaka mingi. Mwaka 1992 akatoa Guelwaar. Mwili wa Mkristo aliyepinga hadharani kuombaomba misaada ya chakula unachanganywa hospitalini na kuzikwa katika makaburi ya Waislamu. Wakristo wanakuja kuudai, Waislamu wanashika marungu. Na anayesimama katikati, akazuia damu isimwagike na kusimamia maiti arudishwe kwa watu wake, ni imamu. Mtu yuleyule aliyemchora imamu wa Ceddo ndiye aliyemchora huyu.

Filamu yake ya mwisho ni Moolaadé, ya mwaka 2004, aliyoipigia picha katika kijiji cha Burkina Faso akiwa na umri wa miaka kama themanini. Ilipata tuzo huko Cannes. Wasichana sita wanakimbia kukeketwa. Wawili wanajitupa kisimani. Wanne wanakimbilia kwa mama aitwaye Collé, ambaye anafunga kamba mlangoni, ishara ya hifadhi ambayo kwa mila hakuna anayethubutu kuivuka. Wazee wanasema ukeketaji ni amri ya dini. Wanakusanya redio za wanawake na kuzichoma moto mbele ya msikiti, maana redio zinawafungua macho. Na Collé hasimami hapo akaitukana dini. Anawajibu kwa dini yenyewe: kwamba imamu mkuu amesema redioni kuwa Uislamu hauamrishi jambo hilo, na kwamba mamilioni ya wanawake wasiokeketwa wanahiji Makka kila mwaka.

Sisi hapa hatuna haki ya kusema hayo ni mambo ya Magharibi ya Afrika. Huko Sebei, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wapo dada zetu waliopitia kisu hicho, na sheria ya Uganda ya kukikataza ilianza kutumika mwaka 2010 tu. Wapo Waislamu wanaoamini mpaka leo kwamba ni ibada. Nani awaambie, kama si sisi tuliosoma?

Ousmane Sembène alifariki nyumbani kwake Dakar tarehe 9 Juni 2007, akiwa na miaka 84. Aliyekosoa masheikh maisha yake yote alizikwa katika sanda iliyopambwa kwa aya za Qur'ani. Yaliyokuwa moyoni mwake saa ya mwisho ni baina yake na Mola wake, na si kazi yangu wala yako kuyatolea hukumu.

Swali la ndugu yangu lilikuwa tuna haja gani naye. Nimekaa nalo muhula mzima, na jibu langu ni hili: adui wa nje akitukosoa ni rahisi kumpuuza, kwa kuwa hatujui. Sembène alitujua. Alijua Ijumaa linaweza kuwa jina la kondoo mnene anayekula mchele wa yatima, na alijua pia kwamba mzee aliyepigwa teke katika sijda anaweza kuinuka na kuanza upya. Alituonyesha wote wawili. Kazi ya kuchagua tufanane na yupi ametuachia sisi.

Ndugu huyo amesoma rasimu ya makala haya na bado hajakubaliana nami. Anasema Fa Keïta mmoja hawezi kulifuta kosa la Ceddo. Nimemwachia rai yake, naye amekubali kuniazima dakika kumi za kusema muhula ujao. Kwa idhini ya Amiri na dada Amira, tutaonyesha Moolaadé, wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, na baada yake sheikh wa chuo atatusomesha hukumu ya ukeketaji kwa dalili zake. Anayetaka kutoka katikati ya filamu asizuiwe. Ninachoomba ni kwamba arudi kwenye mjadala.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuipenda haki hata inapotuuma, awarehemu waliodhulumiwa Thiaroye na popote pengine, na awarudishe salama binti zetu walioko mbali. Amin.

Wabillahi tawfiq.